Darasa la uigizaji limenijenga

Wanaosema kipaji kinatosha siwabishii sana, ila leo lokesheni, tunaporekodia filamu hapa Sinza, nimeona wazi darasa linavyombeba mtu. Sini, yaani kipande cha filamu, ya kugombana na mama mkwe: nainua kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto, nakitua mezani, ndipo nasema "Mama, nimechoka." Tumerudia kamera ikiwa mbali, kisha karibu, na kila mara kikombe kimetua palepale. Mkono ukibadilika tu, mhariri anashindwa kuunganisha vipande. Hayo nilifundishwa, pamoja na kufika kwenye alama ya sakafuni ya pa kusimama bila kuitazama, na kushusha sauti, maana picha ya karibu inakuza kila kitu, hata kope.

Zamani kwenye usaili mikono ilikuwa ikinitetemeka. Siku hizi napumua, najiuliza mhusika wangu anataka nini kwa mwenzake, naanza. Na waongozaji wananipigia tena, kwa sababu muda wa lokesheni ni hela.

Wadogo zangu, TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) ipo hapo Bagamoyo, chuo kilianza 1981. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinafundisha sanaa za maonyesho. Ada ikikushinda, tafuta hata warsha fupi. Mwenye swali aulize hapa, nitamjibu.