Barua pepe zinaingia, kurasa hazifunguki

Steshenari yangu iko Msamvu, Morogoro, na msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu foleni huanza kabla sijatoa viti nje. Jumanne iliyopita mteja wa kwanza alikuwa binti aliyemaliza kidato cha sita, kaja na baba yake na bahasha ya kaki yenye vyeti vyote. Nikawasha laptopu, nikafungua Chrome. Kiduara kikazunguka weee, mwisho ukurasa mweupe. Nikajaribu Edge, hali ileile.

Hapa kwetu mtandao ukigoma, mtu wa kwanza kulaumiwa ni bando. Nikaangalia salio la ruta: lipo. Simu yangu, kwenye Wi-Fi hiyohiyo, ikafungua ukurasa mara moja. Halafu Thunderbird, programu yangu ya barua pepe, ikalia kwenye laptopu: barua pepe mbili za wateja wanaotaka kuchapiwa kazi, viambatisho vimeshuka vyote. Kumbe mashine ina intaneti, ila vivinjari ndivyo vinanyimwa.

Nikafungua dirisha la amri. Nikaandika ping 8.8.8.8, yaani kuibishia hodi kompyuta ya Google iliyoko nje, majibu yakaja yote manne. Nikaandika nslookup na jina la tovuti, ikanipa anwani yake ya IP, kwa hiyo DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, nayo ni nzima. Nikahamia PowerShell, kwenye amri moja ninayoipenda sana, Test-NetConnection, ambayo unaitajia tovuti na namba ya mlango. Huduma za mtandaoni zina namba za milango: kurasa za kawaida 80, kurasa salama za HTTPS 443, barua pepe za Thunderbird yangu 993. Nilipojaribu 993 ikajibu True. Nilipojaribu 443 ikajibu False. Kuna kitu ndani ya laptopu kilichokuwa kimekalia milango ya kurasa tu.

Nilimjua mshukiwa. Fundi aliyeniuzia laptopu aliniwekea programu ya ulinzi ya majaribio, yenye fayawoli yake (mlinzi anayeamua kipi kipite mtandaoni na kipi kizuiwe), na siku za majaribio zilikuwa zimeisha Jumapili. Programu za namna hii hupitisha kurasa zote kwenye chujio lake kwanza, zikaguliwe. Chujio likiharibika, kurasa zinafika pale na kukwama. Nikabofya alama yake kule chini pembeni, nikaizima. Bado!

Wengi huishia hapo wakisema basi siyo fayawoli. Mimi naomba usiishie hapo. Kuzima kwa ile alama mara nyingi kunazima dirisha na maonyo yake tu, ilhali draiva ya kuchuja, yaani kijiprogramu kilichojipachika ndani kabisa ya Windows, inaendelea kukaa njiani. Kipimo cha kweli ni kuwasha Windows kwa hali salama yenye mtandao, ambapo programu nyingi za ziada haziwashwi: shikilia Shift huku ukibofya Restart, pita Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, halafu namba 5. Nilichomeka na waya wa ruta, maana kwa hali hiyo Wi-Fi mara nyingi haiamki. Chrome ikafunguka palepale.

Baba wa binti, mtu mpole sana, akaniambia, "Dada, si ungeviondoa tu hivyo vilinzi vyote tuendelee?" Nikamwambia, "Hapana baba, ndani ya hii mashine kuna vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa watu, namba zao za NIDA, matokeo yao. Siwezi kuiacha wazi." Akanyamaza, akasogeza ile bahasha karibu yake. Sisi wenye steshenari tunabeba amana kubwa kuliko tunavyojihesabia, na ushauri wa "zima fayawoli" unaotolewa huku mitaani unaniumiza.

Niliisanidua ile programu kwa njia ya kawaida, nikawasha upya, na kurasa zikagoma tena. Mabaki. Watengenezaji wengi wa programu za ulinzi wanatoa kifaa maalumu cha kung'oa mabaki hayo, kwa hiyo nilikipakua kwa simu kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, si kwingine, nikakihamisha kwa USB na kukiendesha nikiwa kwenye hali salama. Mwisho nikaandika netsh winsock reset, inayorudisha mpangilio wa mtandao wa Windows ulivyokuwa mwanzo, kwenye dirisha la amri la msimamizi, nikawasha upya. 443 ikajibu True.

Kazi haikuwa imeisha. Windows ina fayawoli yake, inayokuja imewashwa tangu Windows XP SP2 ya mwaka 2004. Ikiwekwa ya mtengenezaji mwingine, ya Windows huiachia zamu. Ile nyingine ikiondoka, hakikisha kwa macho yako kwamba hii imerudi. Kwa kawaida inazuia wanaogonga kutoka nje bila kuitwa na kuruhusu unachokitafuta wewe, hivyo ni nadra yenyewe kuzuia kurasa. Niliikuta imewashwa kwa aina zote tatu za mitandao: Domain, Private na Public. Wi-Fi ya dukani nikaiweka Public, yaani mtandao wa kutoaminiwa, kwa kuwa wateja nao wanaitumia.

Saa sita kasoro binti alikuwa amekaa kitini, baba yake anamsomea namba za vyeti moja moja kutoka kwenye bahasha.