Tarehe 12

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii sikuandaa neno. Neno limenikuta na simu ya mwalimu.

Jumatatu alinipigia mwalimu wa darasa la binti yangu: "Mama, tarehe ya kuzaliwa aliyoandika mtoto kwenye fomu haifanani na ya kwenye cheti." Cheti kinasema 12 Aprili 2014. Mtoto kaandika 13, kwa kalamu ya bluu, na akapigia mstari chini. Jioni nilipomuuliza hakuona kosa liko wapi. "Si ndiyo siku tunayokata keki?"

Nilinyamaza. Mama yangu alilala tarehe 12 Aprili 2020, siku ya Pasaka. Asubuhi tumeimba kwamba Bwana amefufuka, saa kumi jioni tumezunguka kitanda chake, sufuria la mtori alioomba bado liko jikoni halijaguswa. Mwaka uliofuata sikuweza kuwasha mishumaa ya keki siku hiyo, nikaisogeza siku ya mtoto hadi kesho yake. Nikajiona nina busara. Nimesogeza mara tano, mpaka mtoto kaamini.

Jumanne nikayaeleza haya kwenye jumuiya. Mzee mmoja mwenyeji wa Monduli, aliyehamia huku Moshi zamani, akatikisa kichwa. "Tarehe hiyo, mwanangu, sisi wa Monduli hatukumbushwi." Akamtaja Edward Sokoine, Waziri Mkuu, alivyotoka bungeni Dodoma kwenda Dar es Salaam tarehe 12 Aprili 1984, akafa kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro. Miaka 45 tu. Akarudi Monduli kuzikwa. Kijana wa kwaya akadakia kwamba tarehe hiyo hiyo mwaka 1961 Yuri Gagarin, Mrusi wa miaka 27, aliruka anga za juu akaizunguka dunia, safari nzima dakika 108, akatua salama. Mzee akacheka kidogo, macho yakiwa na maji. "Huyo kazunguka dunia akarudi. Wetu barabara ya Dar ilimshinda kuimaliza."

Laiti tungeishia hapo. Dada mmoja akakumbusha kuwa tarehe 7 Aprili ndiyo aliyouawa Mzee Karume mwaka 1972, na ndiyo tarehe Wanyarwanda wanayoanza kuomboleza watu wao wa 1994, mauaji ambayo kesi zake zilisikilizwa hapo Arusha. Basi, akasema, Aprili ni mwezi wa damu, tusimame tuivunje hiyo roho. Na watu wakaanza kusimama!

Wapendwa, naomba niseme kwa upendo, lakini niseme. Tumekuwa watu wa kuogopa kalenda. Kuna anayefunga duka kila ikifika tarehe aliyoibiwa. Kuna anayeahirisha harusi kwa sababu tarehe hiyo ukoo ulipata msiba. Halafu tunaleta mafuta, tunakemea, kana kwamba Bwana aliumba siku nyingine zote akaisahau hiyo moja. Mbona Aprili hiyo hiyo, tarehe 26 mwaka 1964, Tanganyika na Zanzibar ziliungana, na hakuna anayeivunja? Paulo aliwaambia Wagalatia kuwa wanashika siku na miezi na nyakati na miaka, na anawachelea asije akawa amejitaabisha bure kwa ajili yao. Najua alikuwa anazungumzia mambo ya torati, wachungaji msinirukie. Ila hofu yake naielewa.

Na mimi niliyesimama kukemea ndiye niliyebadilisha siku ya kuzaliwa ya mtoto.

Usiku nilisoma Ezra 3, msingi wa hekalu unapowekwa. Wazee walioiona nyumba ya kwanza wakalia kwa sauti kuu, wengine wakapiga kelele za furaha, hata watu wasiweze kupambanua sauti ya furaha na sauti ya kilio. Siku moja, uwanja mmoja. Hakuna aliyewaambia wazee, ninyi lieni kesho. Hakuna aliyewaziba vijana midomo kwa heshima ya wafiwa. Kelele zote zilipanda pamoja, zikasikika mbali, na Bwana alizipokea hivyo hivyo zilivyochanganyika. Wewe uliyefiwa siku ya harusi yako, wewe uliyepata kazi siku uliyomzika mwenzio, lete zote mbili. Usimpangie Mungu foleni. Lia na keki ikiwa mezani. Imba na leso ikiwa mkononi. Yeye anazipambanua.

Jumatano nilikwenda shule kurekebisha fomu, na mvua hii ya masika, viatu vimejaa tope. Mwalimu akanipa kalamu. Nikaikata 13, nikaandika 12, nikaweka sahihi pembeni.

Mwaka huu tarehe yenyewe imeangukia Jumapili. Tutapanda kihambani, kaburi la mama lipo kule nyuma kwenye migomba. Kaburini kwanza au keki kwanza, bado hatujakubaliana. Mtoto anasema keki, na kipande cha bibi tukipeleke kule kule.