Gaudí, mtoto wa mfua shaba

Ukitangaza Tanga kwamba unakwenda Barcelona, kila mtu anakuagiza jezi. Niliagizwa jezi nyingi kuliko mfuko wangu, na hakuna hata mmoja aliyeniagiza picha ya jengo. Mdogo wangu wa kike anafanya kazi kule, ndiye aliyenialika, naye alikuwa amepanga tuanzie uwanjani. Nikamwambia uwanja hauhami. Mimi ni fundi uashi, mwiko nimeushika tangu nilipotoka VETA, na miaka yote hiyo nimemsikia Antoni Gaudí, mbunifu wa majengo wa Barcelona, akitajwa kama msanii mwenye wazimu kidogo, bwana wa kuta zilizopinda na rangi nyingi. Nilitaka kujua kuta hizo zinasimamaje.

Zinasimama kwa kamba. Nitaeleza.

Ukienda, usianzie Sagrada Família, lile kanisa lake kubwa la mjini. Panda treni Plaça d'Espanya, na kabla nusu saa haijaisha unashuka Colònia Güell, kwenye mji mdogo wa Santa Coloma de Cervelló. Tajiri mmoja wa viwanda vya nguo, Eusebi Güell, alifungua kiwanda hapo mwaka 1890 na kuwajengea wafanyakazi makazi. Mwaka 1898 akamwomba Gaudí awajengee na kanisa. Jiwe la msingi likawekwa 1908. Ndiyo, miaka 10 baadaye. Kwetu mteja angekuwa ameshakupeleka kituo cha polisi.

Miaka hiyo Gaudí hakuwa amelala. Alikuwa kwenye banda karibu na kiwanja, akifunga kamba darini. Chukua kamba ya kuanikia nguo, ifunge ncha zote mbili, iache ilegee. Umbo inalolichukua halikuchorwa na mtu, uzito wake wenyewe ndio umeliamua. Kamba haijui kusukuma wala kukaza mgongo. Inajua kuvutwa tu. Sasa ligeuze umbo hilo juu chini. Kilichokuwa kinavutwa kila mahali, sasa kinagandamizwa kila mahali. Na tofali, fundi yeyote anajua, linapenda kugandamizwa. Ukilivuta linapasuka, na ndiyo sababu tunahangaika na nondo.

Mwingereza Robert Hooke alikwisha kuliandika jambo hilo tangu karne ya 17, kwa hiyo Gaudí hakuligundua yeye. Alichofanya ni kukataa kuishia kwenye kamba moja. Alifunga wavu mzima wa kamba, kanisa zima likining'inia kichwa chini, kwa kipimo cha 1 kwa 10. Kila mahali ambapo paa au ukuta ungelemea, alitundika kifuko kidogo cha turubai chenye marisawa, yaani vijipira vya risasi, uzito wake sehemu moja ya 10,000 ya mzigo wenyewe. Ukiongeza marisawa kwenye kifuko kimoja, wavu wote unajisogeza mpaka utulie upya. Halafu walipiga picha, wakaigeuza juu chini, na Gaudí akapaka rangi juu ya ile picha mpaka kanisa likaonekana. Watu wanamwita mwotaji, lakini hiyo ni kazi ya mtu asiyetaka kubahatisha hata kidogo.

Kanisa lenyewe halikumalizika. Mwaka 1914 familia ya Güell ilikata fedha, ikabaki sehemu ya chini peke yake, ile iliyokusudiwa kubeba kanisa juu yake. Ndiyo niliyoiendea, na sijutii hata senti. Katikati kuna nguzo 4 za basalti, jiwe jeusi lililoachwa na makovu yake, halikusuguliwa. Zimeinama. Fundi akiziona, mkono unatafuta timazi wenyewe, ile kamba ya kupimia wima, kwa sababu tumelelewa tukiambiwa nguzo iliyoinama ni nguzo ya kubomoa. Nilisogea nikachungulia zilipoungana: hapana saruji pale, ni madini ya risasi yaliyomiminwa. Kisha nikafuata kwa macho matao ya tofali yanayotua juu ya kila nguzo, na nikaelewa. Nguzo imelala kuelekea upande ambao uzito unatokea. Mzigo unakuja kwa mshazari, nayo imeupokea kwa mshazari. Ungeisimamisha wima ndipo ungehitaji ukuta wa pembeni wa kuiegemeza.

Ukutani ametumia tofali zilizoungua kupita kiasi, zile ambazo sisi tunazimwaga kwenye kifusi. Nyavu za chuma madirishani zimetengenezwa kwa sindano kuukuu za mashine za kiwandani. Nilikuwa nimeziinamia nikizikagua moja moja mdogo wangu akaninong'oneza: "Kaka, wenzako wanapiga picha, wewe unapapasa kuta. Watadhani umekuja kuiba."

Huyu bwana alizaliwa tarehe 25 Juni 1852, upande wa Reus, kusini mwa Catalonia, jimbo la Hispania lenye Barcelona. Reus na kijiji jirani cha Riudoms bado wanagombania kuzaliwa kwake, mimi simo. La muhimu kwangu ni kazi ya baba yake, Francesc. Alikuwa mfua shaba, akitengeneza vyombo vikubwa vya kukenekea pombe. Gaudí alikuja kusema kwamba ni pale kwa baba yake ndipo alipojifunza kuona kitu kikiwa na ujazo wake kabla hakijawa kwenye karatasi. Mimi namwamini. Bamba la shaba huingia karakanani likiwa bapa na kutoka likiwa na tumbo, na mtoto aliyekua akitazama jambo hilo hawezi kuridhika na kuta za boksi.

Tena alikuwa mtoto wa kuugua. Baridi yabisi ilimzuia kukimbia na wenzake, akabaki kutazama mimea na wadudu. Hapo ndipo wengi wanapoanzia wakisema alivutiwa na maumbile, na wanapoishia pia: majani, konokono, mijusi. Ni kweli alianza hivyo. Casa Vicens, nyumba yake kubwa ya kwanza mjini, iliyojengwa kati ya 1883 na 1885, imefunikwa vigae vyenye maua ya njano ambayo aliyakuta yameota kwenye kiwanja, na uzio wake wa chuma umejaa majani ya mti wa jamii ya mchikichi. Nzuri sana. Lakini hilo ni pambo, na pambo hata mimi nikilipwa nakuwekea. Kadiri alivyozeeka aliacha kuuliza jani linafananaje, akauliza mti unasimamaje. Karibu na karakana yake ya Sagrada Família palikuwa na mkaratusi, naye aliutaja mti huo kuwa ndio mwalimu wake. Ingia ndani ya kanisa hilo leo utauona: nguzo zinapanda, zinagawanyika matawi, na kila tawi linabeba kipande chake cha paa. Zinazobeba mzigo mkubwa zaidi ni za porfiri nyekundu, jiwe gumu sana, kisha basalti, kisha matale, na nyepesi ni za mawe ya mchanga. Rangi ambazo watalii wanazisifu ni orodha ya uzito.

Park Güell, bustani yake pale Barcelona, ni hadithi hiyohiyo. Ilianza mwaka 1900 kama mradi wa viwanja vya matajiri, nyumba 60, na biashara ikafa: zilijengwa 2 tu. Moja akaishi Gaudí mwenyewe kuanzia 1906. Kila mtu anapanga foleni kupiga picha na yule mjusi wa vigae kwenye ngazi. Hebu niwaambie mjusi yule anafanya kazi gani. Juu kuna uwanja mkubwa wa mchanga, umebebwa na nguzo 86. Mvua ikinyesha, maji yanachujwa na tabaka za mawe na mchanga, yanaingia ndani ya nguzo, maana zina matundu katikati, na kushuka kwenye tangi la mita za ujazo 1,200 lililo chini. Tangi likifurika, maji ya ziada yanatokea mdomoni mwa mjusi. Sisi tunajenga ukumbi wa mamilioni halafu bomba la mvua tunalikumbuka mwishoni, tunalipitisha mbele ya dirisha la sebuleni.

Na vile vigae vilivyovunjwavunjwa, wenyewe wanaviita trencadís, vina sababu ya kifundi. Jaribu kubandika kigae cha mraba kwenye ukuta uliojaa mabonde, utalia. Ukikivunja kinakutii. Benchi refu linalozunguka uwanja ule, kazi iliyosimamiwa na msaidizi wake Josep Maria Jujol, limefunikwa kwa vipande vya mabaki ya viwandani. Nimeketi pale. Mgongo unapokelewa vizuri kuliko kwenye kiti changu cha nyumbani, na vipande vimepangwa kwa jicho kali, grauti imekaa sawasawa hata kwenye kona.

Manispaa hawakumpenda. Casa Milà, jengo lake la ghorofa, ilipokuwa inajengwa, kati ya 1906 na 1912, wapita njia waliipa jina la utani La Pedrera, yaani machimbo ya mawe, na wakaguzi wakakuta nguzo moja imevamia njia ya waenda kwa miguu. Kwetu ingepigwa X nyekundu ya kubomolewa asubuhi hiyo. Gaudí aligoma, na mwisho mji ukaamua kwamba jengo ni la kipekee, likaachwa. Mke wa mwenye nyumba naye akabishana naye juu ya malipo, kesi ikaenda mahakamani, Gaudí akashinda, na fedha akazitoa kwa watawa. Panda mpaka darini mwa jengo hilo: kuna matao 270 ya tofali nyembamba, kila moja ni ile kamba iliyogeuzwa, na pembeni wametundika minyororo juu ya kioo ili uinamie kioo uone matao yamesimama. Nilimtania mdogo wangu kwamba hapo ndipo uwanja wangu wa mpira.

Sagrada Família nayo iliombewa kibali mwaka 1885, na kibali halali kikatoka 2019. Msiseme tena urasimu ni wa kwetu peke yetu. Gaudí aliipokea kazi hiyo mwaka 1883, akaifanya mpaka mwisho wa maisha, na miaka ya mwisho hakufanya nyingine. Tarehe 7 Juni 1926 alikuwa akitembea kwenda kuungama, tramu ikamgonga. Nguo zake zilikuwa za mtu maskini, hakuwa na vitambulisho, na madereva teksi walikataa kumbeba. Alifariki tarehe 10, akiwa na miaka 73, akazikwa chini ya kanisa lake. Mnara mmoja tu ndio ulikuwa umekamilika. Mwaka 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, karakana ilichomwa na mifano yake ya plasta ikavunjwa, na waliofuata wakaanza kuunganisha vipande. Oktoba 2025 kanisa lilipita kwa urefu lile la Ulm, Ujerumani, lililokuwa refu kuliko yote duniani. Mnara wa kati ulipangiwa mita 172.5, chini kidogo ya kilima cha Montjuïc, maana mwenyewe hakutaka kazi ya binadamu ipite ya Mungu. Sehemu mpya, nitasema ukweli, ni laini mno kwangu. Mawe yanakatwa kwa mashine inayoongozwa na kompyuta, na sioni alama ya patasi.

Msinijie na "hayo ni ya Wazungu wenye fedha". Mafundi wa Catalonia wana namna ya zamani ya kujenga paa la tao kwa vigae vyembamba vinavyolazwa bapa, tabaka juu ya tabaka, karibu bila mbao za kushikilia, na Gaudí aliitumia maisha yake yote. Mwaka 2017 namna hiyohiyo ilifunguliwa Kigali, kwenye uwanja wa kriketi wa Gahanga: matao makubwa ya vigae vya udongo wa palepale, uliochanganywa na saruji na kushindiliwa bila kuchomwa. Wafanyakazi wa Rwanda ndio walioyajenga.

Mimi nimeanzia padogo. Kuna mteja hapa anataka tao barazani, akanionyesha nusu duara kwenye simu. Niliegemeza plaiwudi ukutani, nikapigilia misumari miwili, nikatundika mnyororo na kuufuata kwa penseli. Tukageuza ubao. Mteja akasema limechongoka, halifanani na la jirani. Saidia fundi wangu hakujali la jirani, aliuliza miguu ya tao isipozuiwa na kitu itakwenda wapi, swali ambalo mteja hakuuliza na lilitukalisha mpaka chai ya saa nne ikapoa. Tumekubaliana miguu ishuke moja kwa moja mpaka kwenye msingi, isiishie juu ya ukuta. Mteja ameafiki kwa shingo upande, mbao zimeshakatwa, tunasubiri tofali.