Tathmini ambayo haikuwahi kuandikwa

Huwa naandika tathmini za michezo ya video, na bado nakutana na watu wanaosema Gamergate, ile kampeni ya mtandaoni iliyowaandama wanawake wa tasnia hii, ilikuwa mjadala wa maadili ya uandishi uliopotea njia. Sikubaliani nao hata kidogo. Agosti 2014 mpenzi wa zamani wa mtengenezaji wa michezo Zoë Quinn alianika mambo yao ya faragha mtandaoni. Watu wakadai Quinn alipata tathmini nzuri kwa kuwa na uhusiano na mwandishi wa Kotaku, tovuti ya habari za michezo ya video. Tathmini hiyo haipo! Mwandishi yule hakuwahi kuutathmini mchezo wa Quinn, tena mchezo wenyewe ulitolewa bure.

Oktoba, Anita Sarkeesian, anayekosoa jinsi wanawake wanavyoonyeshwa kwenye michezo ya video, alifuta mhadhara wake Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, Marekani. Mtu alitishia kuua watu kwa risasi, na sheria ya jimbo haikuruhusu kuwazuia wenye vibali vya bunduki kuingia nazo ukumbini. Nani angepanda jukwaani hapo?

Maswali ya maadili katika kazi yetu yapo, na yananikera: nani kalipia safari ya mwandishi, kwa nini aliyekosoa mchezo ananyimwa nakala ya mapema ya mchezo unaofuata. Hayo waulizwe wachapishaji wakubwa, wenye pesa za matangazo.