Baba kwa Mfalme, Mwana kwa Bunge
Nimetembelea Claydon, nyumba ya ukoo wa Verney huko Buckinghamshire, Uingereza, na tangu hapo namfikiria Sir Ralph Verney, mwenye ardhi na mbunge wa lile Bunge Refu, yaani Bunge la Uingereza lililoanza vikao mwaka 1640 na kudumu miaka mingi, aliyekuwa akiandika kwa penseli yaliyosemwa humo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Mfalme Charles I na Bunge vilipozuka mwaka 1642 alishika upande wa Bunge, ilhali baba yake, Sir Edmund, ambaye moyoni hakuupenda ugomvi ule lakini aliona aibu kumwacha mfalme aliyemlisha kwa takriban miaka 30, aliuawa katika mapigano ya Edgehill akiwa mshika bendera wa mfalme. Maiti yake haikupatikana. Husimuliwa kwamba uliokotwa mkono tu, ungali umekamata mlingoti, pete kidoleni.

Ralph naye baadaye alikataa kiapo cha Bunge cha kuungana na Waskoti na kubadili kanisa, akahamia Ufaransa, na ardhi yake ikazuiliwa na Bunge. Aliyeiokoa ni mkewe, Mary, aliyerudi London akiwa mjamzito, akajifungua huko, akawaendea wakubwa mmoja baada ya mwingine mpaka zuio likaondolewa mwaka 1648. Kwa maoni yangu, mwanasiasa hodari wa nyumba ile alikuwa yeye, ingawa bungeni hakuruhusiwa hata kukanyaga. Alifariki Ufaransa mwaka 1650. Ralph aliishi hadi 1696 na hakuoa tena.