Dozi ya Tatu

Mwaka 2011 mgao wa umeme ulikuwa umepamba moto. Nyumbani kwetu Arusha watu waligombana kidogo juu ya jenereta na sana juu ya samaki watatu wa dhahabu. Mjomba alikuwa amehamishiwa Songea kikazi, akatuachia tangi lake la kioo la lita 60. Likawekwa sebuleni, chini ya dirisha.

Julai ilipoingia na baridi yake, samaki wakaanza kujisugua kwenye kokoto. Muda si mrefu wakatoka madoa meupe, madogo madogo, mwilini na kwenye mapezi. Kaka, aliyekuwa kidato cha tano akichukua PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na kwa hiyo ndiye daktari wa nyumba, akaenda mjini akarudi na chupa ya dawa ya kijani kibichi iliyokoza. Muuzaji alimwambia atie matone, arudie baada ya siku kadhaa, na akiona bado, aongeze.

Dozi ya kwanza sina ugomvi nayo hata leo. Kimelea cha madoa meupe kinaua, na kwenye tangi dogo kinamaliza wote. Ya pili nayo ilikuwa na maana yake. Kimelea kikiwa chini ya ngozi ya samaki, dawa haikipati. Inakipata kikishatoka na kuzaliana, pale watoto wake wanapoogelea kutafuta samaki wa kumwingia. Kwenye maji ya nyuzi 25 mzunguko huo haumalizi wiki. Kwenye baridi kama ya kwetu unajivuta wiki kadhaa, ndiyo maana mtu anarudia.

Madoa yakaisha, tukashangilia. Kisha Bwana Tumbo, mkubwa wao, akaanza kuchakaa: kingo za mapezi nyekundu, zimechanikachanika, na mgongoni utando wa kijivu. Kaka akasema vimelea vimerudi, akaishika chupa. Mama akamwambia aiweke chini mpaka Bwana Samaki aje.

Bwana Samaki alikuwa jirani yetu mstaafu. Alisomea chuo cha uvuvi cha Nyegezi, Mwanza, akatumia ujana wake kufundisha watu kuchimba mabwawa ya perege. Samaki wa sebuleni aliwadharau waziwazi. "Hata kukaanga hawakaangiki," alikuwa akimwambia Mama.

Tukamwamkia, akaitikia macho yakiwa tayari kwenye tangi. Akaomba ile chupa, akaifungua, akainusa kwa mbali.

"Fomalini na kijani cha malakaiti. Mmetia mara ngapi?"

"Mbili, Mzee," Kaka akajibu. "Leo ya tatu."

Hakusema kitu. Alilowesha mkono, akaupitisha taratibu ubavuni mwa Bwana Tumbo, halafu akaniita. "Njoo uguse, mwanangu. Lowesha vidole kwanza."

Samaki yule nilimzoea kwa kuponyoka. Siku hiyo vidole vilikwama. Ubavu wake ulikuwa wa kukwaruza, kama karatasi iliyolowa ikakauka.

"Utelezi umekwisha," akasema. "Na utelezi ndiyo ngao yake ya kwanza." Akatueleza kwamba ndani ya ute ule mna kingamwili na vimeng'enya vinavyowamaliza bakteria kabla hawajaigusa ngozi. Vimelea walikuwa wameshautoboa, na dawa kali ikirudiwarudiwa inaunguza ngozi na matamvua anayopumulia, ute haupati nafasi ya kurudi. Tena samaki akisumbuliwa, kwa wavu au kwa sumu ya majini, mwili wake unamwaga kotisoli, homoni ya msongo, na kotisoli ikikaa juu muda mrefu inadhoofisha kinga. Chembe nyeupe za damu anazitengeneza kwenye figo la mbele na bandama, na kwenye baridi kazi hiyo inakwenda polepole mno.

Kaka hakukubali kirahisi, na kwa hilo namheshimu. Akasema tuhakikishe. Bwana Samaki akakwangua ute kidogo mgongoni kwa ukingo wa kijiko, akauweka kwenye kioo na tone la maji ya tangi, nasi tukakimbia hadi maabara ya shule, hatua chache kutoka nyumbani. Mwalimu wa baiolojia alituachia hadubini. Kimelea kile hakijifichi: ni duara linalojiviringisha polepole, na ndani yake kiini kilichopinda kama kwato ya farasi. Tulitafuta kioo kizima tusilione. Tulichoona ni vijiti vyembamba vya bakteria, vimejaa tele.

"Sasa hiyo dawa inamtafuta nani?" Bwana Samaki akauliza tuliporudi.

Umeme ukakatika jioni ileile na pampu ya hewa ikazima. Samaki wakapanda juu kuhema, nasi tukakaa kwa zamu tukichota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa. Fomalini hupunguza oksijeni majini. Chupa ile ingetiwa mchana, nadhani asubuhi tungeokoa tangi tupu.

Matibabu yaliyofuata hayakuwa na fahari yoyote. Kila siku tulitoa theluthi ya maji na kujaza ya bomba yaliyolala kwenye ndoo klorini itoke. Chumvi ya mawe, gramu 3 kwa lita, Mama aliipimisha dukani, jumla gramu 180, tukaitia kidogo kidogo. Ngozi ikiwa na majeraha maji yanampenya samaki mfululizo, naye anapoteza nguvu kuyatoa. Chumvi inampunguzia mzigo huo. Tangi tukalihamisha kutoka dirishani hadi ukuta wa jikoni kwenye joto. Mdogo wao alikufa. Bwana Tumbo na mwenzake wakaota mapezi mapya, meupe kwanza, baadaye yakashika rangi.

Mwezi Oktoba Kaka alinunua samaki mwingine, akamtia tangini moja kwa moja, na baada ya siku chache mgeni akajaa madoa. Wale wawili wa zamani walipata doa hapa na pale, basi. Mama akamwita Bwana Samaki ashuhudie.

"Hawa walishapigana na kimelea hiki," akasema, akionyesha wakongwe kwa kidole. "Wanakijua." Halafu akamgeukia Kaka. "Huyu mgeni mpe dawa, kwenye beseni lake peke yake. Nusu ya ulichoambiwa dukani, na pampu isizimwe."

Kaka akamuuliza kama umeme utakuwepo.

"Hilo kawaulize wenye umeme."