Mwezi Kumi na Saba: siku moja ya mpiga chuku

Saa 11 alfajiri

Leo mwezi kumi na saba, kwa hesabu ya Kiislamu. Kwa wengine ni siku kama nyengine, lakini kwa sisi wapiga chuku, tunaoumika watu kwa vikombe kuwatoa damu, mwezi 17, 19 na 21 ndizo siku za sunna, na kijumba changu hapa Jang'ombe, Unguja, hujaa kama gati siku ya boti ya Pemba. Nikitoka msikitini kazi ya mwanzo ni maji ya Jik: sehemu moja ya dawa, tisa za maji. Kisha nahesabu. Wembe 40, glavu maboksi mawili, vikombe vya plastiki mfuko mzima. Mke wangu anachukua fungu lake, maana wanawake anawaumika yeye chumba cha ndani.

Saa 2 asubuhi

Wa kwanza ni mzee wa Kipemba, kaja na mwanawe. Namnyoa kisogo, namfuta spiriti, nabandika kikombe, napiga pampu mara tatu mpaka nyama inanyanyuka. Dakika chache, nakibandua. Nachanja juujuu tu, mikwaruzo ya kupita kwenye ngozi, narudisha kikombe, damu inaanza kujikusanya nzito kama jeli. Mzee anapumua, anasema "Alhamdulillahi."

Ikafika zamu ya kijana. Nikachana pakti ya wembe mpya, mzee akanizuia mkono.

"Wa nini tena, maalim? Tumia huohuo. Huyu mwanangu, sisi damu moja."

"Damu moja ya ukoo, baba. Ya wembe kila mtu yake."

Alicheka, ila bei alinung'unikia. Wananung'unika wengi. Zamani chuku ilikuwa rahisi kwa sababu pembe ilikuwa moja.

Saa 4

Nimepata nafasi ya kunywa chai, basi niseme kwa nini nimekuwa mkali hivi.

Kazi hii nimerithi kwa babu, kule Konde, Pemba. Alikuwa na pembe ya ng'ombe iliyotobolewa nchani. Unaibandika mgongoni, unafyonza hewa kwa mdomo, unaziba kitundu kwa nta. Pembe moja, wembe mmoja, baina ya mtu na mtu unasuuza kwa maji ya moto kidogo. Mimi nilifanya hivyo miaka tisa na nikajiona msafi.

Halafu jamaa yetu akahitaji damu, nikenda kutoa. Baada ya siku chache nikaitwa: kipimo kimeonesha homa ya ini C. Mimi nilijua homa ya manjano ya utotoni, hiyo C sikuwahi kuisikia. Daktari akanieleza taratibu. Kipimo cha kwanza kinatafuta alama za askari wa mwili, kwamba kirusi kiliwahi kupita. Cha pili ndicho kinachotafuta kirusi chenyewe. Cha pili changu kilikuja kitupu. Katika kila watu 100 wanaoambukizwa, baina ya 15 na 45 miili yao hukifukuza wenyewe ndani ya miezi sita bila dawa. Wanaobaki nacho hukaa nacho miaka, hawaumwi, wanakwenda baharini, wanaoa, wanazaa. Ini ndilo linaloliwa kimyakimya. Miaka 20 ikipita, 15 mpaka 30 katika kila 100 hao huwa ini limejaa makovu, wapo ambao tumbo likaanza kujaa maji, na wengine ikawa saratani.

Nilitoka pale nimeshukuru Mungu. Furaha haikufika hata kituo cha daladala. Nilikipata kwa nani? Na kibaya zaidi, kabla mwili haujakifukuza nilimpa nani? Pembe ni ileile. Kirusi hiki kinaishi kwenye damu, na hata tone lililokauka kwenye kifaa linaweza kukaa nacho hai siku nyingi, pengine wiki kadhaa. Niliwatafuta wateja wangu wa zamani mmoja mmoja kuwaambia wakapime. Wapo waliocheka. Mmoja mpaka leo akiniona barazani ananipa mgongo, na simlaumu.

Saa 6 mchana

Chumba cha ndani kuna mjadala. Bibi mmoja kasikia jirani yake ana ini C na sasa anataka kujua atenge sahani.

"Mwambie asitenge!" napiga kelele nyuma ya pazia. "Haiambukizi kwa chakula, wala kwa kukumbatiana, wala kwa kikohozi."

"Nimeshamwambia," mke wangu anajibu, "asichangie naye wembe, mswaki wala mkasi wa kucha. Wewe shughulika na wako."

Bibi akasema haogopi, wajukuu zake wameshachanjwa. Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya. Chanjo wanayopewa watoto ni ya homa ya ini B. Ya C haina chanjo mpaka leo.

Saa 9

Kaja kijana mwembamba, kasimama mlangoni haingii. "Kaka, kabla hujanigusa. Mimi natoka hospitali ya Kidongo Chekundu, nakunywa methadoni, dawa ya kuachia heroini. Zamani tulikuwa tunachangia bomba la sindano. Nimepimwa, nina ini C, nasubiri kipimo cha pili. Nataka unitoe hii damu chafu."

Nikamkalisha, nikamtilia kahawa kwenye kikombe changu mwenyewe. Alikitazama kile kikombe muda mrefu kabla ya kukigusa.

Nikamwambia ukweli unaoniharibia biashara: chuku haitoi kirusi. Ningemtoa ndoo nzima, kingebaki ndani ya ini kinazaliana. Kinachokitoa ni vidonge, kwa kawaida wiki 12, na vinaponesha watu zaidi ya 95 katika kila 100. Si zile sindano za zamani zilizomlaza mtu na homa miezi na miezi, na nusu yao hawaponi. Ila kupona si kinga. Akirudi kwenye bomba la kuchangia, anakipata tena.

"Kwa hiyo hunichanji. Unaniogopa."

"Nnayemuogopa ni yule asiyejua kama anacho, na huyo nimeshamchanja asubuhi nikiwa na glavu. Wewe ini likiwa limeumia damu yako yaweza kuchelewa kuganda. Nenda kamalize vipimo, daktari akikuruhusu rudi, wembe wako upo."

Sijui kama aliniamini. Kahawa alimaliza.

Saa 12 jioni

Kusafisha. Tone lililodondoka sakafuni nalimwagia Jik, nasubiri dakika kumi, ndipo nafuta. Wembe zinaingia kwenye sanduku la ncha kali, likijaa napeleka kituo cha afya wakachome. Siku za nyuma nilizitupa jaani, wanapocheza watoto.

Saa 3 usiku

Mke wangu anahesabu zilizobaki huku mimi nabanja karafuu kwa meno.

"Wembe 11. Na keshokutwa mwezi kumi na tisa, walioandikisha ni 14."

Nimeweka simu iniamshe. Duka la dawa linafungua saa mbili.